Mashine Ilisema Bado Wamo

Mimi hufuta kibodi za maktaba kila asubuhi kabla ya kufungua mlango. Hakuna aliyenituma. Mimi ni mkutubi, kazi yangu ni vitabu na watu, lakini msafishaji wetu huishia kwenye sakafu na vyoo, na mimi siwezi kukaa mezani nikizitazama kompyuta za wageni huku najua kilichomo katikati ya vitufe. Makombo ya mkate mweusi. Nywele. Makamasi yaliyokauka. Kuna siku nilikuta kucha za mtu zimepangwa kando ya kipanya, kwa adabu kabisa, kana kwamba mwenyewe atarudi kuzichukua. Nilizikusanya kwa karatasi, na kahawa ya asubuhi ile haikupita kooni.

Majira ya baridi ninayoyasimulia, uchafu ulikuwa wa namna nyingine. Ulikuwa utando wa kahawia, wenye kunata, kwenye kipanya na kwenye vitufe vya mishale. Nikifuta leo, kesho upo kwenye mashine nyingine. Ulikuwa na harufu ya chumvi na lami. Niliwalaumu vijana wa shule na soda zao.

Mji wetu uko kando ya Limfjord, mkono wa bahari kaskazini mwa Denmark, na ni mdogo kiasi kwamba ukinunua chupi mpya, muuza duka atakuuliza wiki ijayo kama zimekutosha. Ndiyo maana maktaba ina watu wake. Mwenye jambo asilotaka lijulikane nyumbani, au asiye na kompyuta, huja kwetu, huingiza namba ya kadi yake ya njano ya afya na neno lake la siri, na kwa muda huo yuko peke yake. Mimi huwaona migongo tu, wameinama. Siulizi.

Mmoja wao alikuwa Gunvor Brask, mpishi wa shule ya msingi. Alikuja baada ya kazi, ananuka vitunguu na sabuni ya sahani, akakaa kwenye mashine ya dirishani. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, kalamu haishiki, kwa hiyo aliandika barua zake kwa kompyuta, herufi moja baada ya nyingine, akazichapisha na kuzitia kwenye mkoba. Sikujua zinakwenda wapi.

Na alikuwapo Regnar Toft. Huyu alikuwa mwalimu wa muziki mstaafu, mwenyekiti wa chama cha marafiki wa maktaba, mtu wa kofia ya sufu na macho ya upole. Kila Ijumaa alituletea boksi la mikate ya mdalasini. Alijua majina ya wajukuu wa kila mtu. Nusu ya mji ilimfungulia moyo bila kuombwa, na nusu nyingine ilitamani. Mimi sikuwa na ubaya naye, ila kitu kimoja tu: alikuwa na mazoea ya kumumunya zile pipi nyeusi za chumvi, na akitaka kuongea alitoa ile pipi kinywani kwa vidole viwili, akaishika mbele yako ikimeta mate, akasema alilotaka kusema, kisha akairudisha. Nilijifunza kuangalia paji la uso wake.

Kompyuta hakuzigusa. "Mimi na mashine tunaheshimiana kwa mbali, Tove," alipenda kusema.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili Gunvor alikuja, hakukaa. Alisimama mbele ya meza yangu na kofia ya baiskeli kichwani.

"Tove, nakuuliza kitu, na unijibu ukiniangalia usoni."

"Uliza."

"Huwa unasoma ninayoandika?"

Nilicheka, maana nilidhani ni utani. Hakucheka.

"Mimi? Nisome barua zako ili iweje?"

"Sijui ili iweje. Ndiyo nakuuliza." Alikuwa amebana midomo mpaka imekuwa myeupe. "Jana Regnar amenikuta kwenye duka la mkate. Ananishika mkono, ananiambia polepole: Villads atarudi, Gunvor, na mama anayeona nafuu mwanawe akifungwa si mama mbaya."

Villads ni mwanawe. Mji mzima ulidhani yuko kwenye meli za mafuta huko Norway. Hata mimi.

"Yuko gerezani," Gunvor akasema. "Haya, sasa na wewe unajua, kama hukujua. Lakini hilo neno, nafuu, nimeliandika mara moja tu maishani mwangu. Sijalitamka kwa mtu. Nililiandika hapa, kwenye mashine ile. Printa ikagoma, nikasema afadhali, barua yenyewe ni mbaya, nikabonyeza Toka nikaenda zangu. Haijawahi kuwa hata kwenye karatasi. Sasa niambie wewe unayekaa hapa kutwa, imetokaje?"

"Sijui."

"Kama ni wewe umemwambia, sema."

"Gunvor, sikuwa najua hata kama una barua ya kusomwa."

Alinitazama jinsi mtu anavyotazama nyama iliyokaa nje. Kisha akatoka. Niliumia, nakiri, lakini kilichonikaa akilini si kuumia. Ni ile picha ya Regnar akimshika mkono.

Nilimpigia simu Asger, fundi wa kompyuta wa halmashauri. Alikuja kesho yake mchana na chakula chake, akakaa kwenye mashine ya dirishani, akafungua kwenye vitufe nilivyovifuta asubuhi mkate wenye ini la kusaga na vipande vya bitiruti. Nilimtandikia gazeti. Hakuona kwa nini.

"Huyo Gunvor wako," akasema akitafuna, "siku ile kwa mujibu wa mashine alikaa karibu mpaka mnafunga."

"Si kweli. Ilikuwa siku ya mvua ya mawe. Nilimwona mlangoni anafunga kofia, bado kuna mwanga."

"Inawezekana. Lakini mashine inasema alikuwa bado yumo."

"Alibonyeza Toka, Asger."

"Kubonyeza Toka si kutoka." Alifurahi nimeuliza, nikaona. Alifuta kidole kwenye suruali, akaonyesha skrini. "Mashine haioni kiti. Haijui nani kakaa, nani kasimama, nani kaenda kukojoa. Inajua programu tu. Ukibonyeza Toka, mfumo unaziambia programu zako zote: fungeni, mwenyewe anaondoka. Zikifunga zote, basi umetoka. Ikibaki moja inasema ngoja, sijamaliza, mfumo unangoja. Na wakati unangoja, wewe bado umo."

"Hata kama niko nyumbani nakula viazi?"

"Hata kama uko kaburini."

Alicheka peke yake.

"Na programu gani inasema ngoja?"

"Yoyote. Barua ambayo haijahifadhiwa. Printa, hasa. Umetuma karatasi printa, printa imekwama, basi kazi ya kuchapisha inaning'inia. Mfumo unaleta ujumbe: kuna kazi inaendelea, je, utoke hivyo hivyo, au urudi?"

"Unamwuliza nani?"

"Nani tena? Mtumiaji."

"Ambaye ameshaondoka."

Asger aliacha kutafuna. "Basi unamwuliza yeyote aliye mbele ya skrini," akasema. "Akibonyeza Rudi, anarudi. Kila kitu kiko pale kama kilivyoachwa."

"Kwa nini msiikate tu? Mtu akisema natoka, atoke."

"Tuliikata zamani. Mkaleta malalamiko nyinyi wenyewe. Yule mama aliyepoteza ombi la pensheni, unamkumbuka? Alilia hapa. Tukaambiwa tuwe na huruma. Basi mfumo una huruma, unauliza kwanza."

Alipoondoka alitupa gazeti lenye makombo, na mimi nikachukua kitambaa kufuta tone la bitiruti. Pale ndipo niliposikia tena ile harufu, chumvi na lami. Niliinama, nikanusa kibodi kama mbwa. Utando ule wa kahawia ulikuwa kwenye kitufe cha mshale wa chini, kile ambacho mtu hubonyeza anaposoma kitu kirefu. Chumvi na lami: zile pipi nyeusi. Nilikwenda msalani nikanawa mikono kwa maji ya moto mpaka ikauma, maana nilikuwa nimeyafuta mate ya Regnar Toft msimu mzima.

Siku mbili baadaye nilimvizia. Neno lenyewe linanitia aibu, lakini ndilo nililofanya. Nilichukua rundo la magazeti nikaenda kukaa nyuma ya rafu ya vitabu vya usafiri, mahali ninapoona printa na mashine zote. Regnar aliingia mchana, akafuta miguu vizuri mlangoni, akazungumza na kila aliyemkuta. Alipopita karibu na printa aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, na kwa mkono mmoja akaivuta trei ya karatasi nje kidogo, upana wa kidole. Ukiwa umesimama huoni chochote. Kisha akakaa kwenye kiti cha kusomea na kitabu cha wanyama.

Kwenye mashine ya katikati alikuwapo Malthe, kijana fundi seremala, bado na vumbi la mbao shingoni. Aliandika, akachapisha, akaenda kwenye printa, akangoja, akaipiga kofi, akarudi, akabonyeza Toka. Skrini ikaandika tafadhali subiri. Alitazama saa ya ukutani, akachukua koti akaondoka. Nani anasubiri? Mimi mwenyewe nisingesubiri.

Regnar aliweka kitabu chake chini bila haraka, akasogea, akakaa. Akatia pipi mdomoni, akailamba vizuri, akaipeleka shavuni. Kidole chenye unyevu kikabonyeza Rudi.

Nilitembea mpaka nyuma yake. Hakunisikia, au hakujali. Malthe alikuwa amemwandikia daktari wake. Niliona maneno mawili tu nikageuza macho, lakini Regnar hakugeuza. Alikuwa anasoma kwa utulivu, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza kinanda kanisani. Na shavu lile likipanda na kushuka.

"Regnar," nikasema.

Hakuruka. Alitoa pipi kinywani.

"Polepole, Tove. Utamshtua."

"Nitamshtua nani? Mwenyewe ameshaondoka."

"Hajaondoka." Alinyoosha ile pipi kwenye kona ya skrini, penye jina. "Soma hapo. Malthe bado yumo. Mimi sijavunja mlango wa mtu. Sijaiba neno la siri la mtu. Nimekaa tu na mtu ambaye bado yupo."

"Umevuta trei ya printa. Nimekuona."

"Huyu kijana ana uvimbe kwenye korodani," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli, hilo ndilo lililonichefua zaidi, haikuwa ya kuigiza. "Ana miaka ishirini na mitatu na hajamwambia mtu. Unataka abaki peke yake na jambo kama hilo? Wote hawa wako peke yao, Tove. Wewe unawaona migongo. Kuna mtu lazima ajue wanachobeba, ili akikutana nao aseme neno."

Nilishika mgongo wa kiti nikakivuta na yeye juu yake. Kiti kina magurudumu. Kikateleza mpaka kikagonga rafu ya mapishi. Nikabonyeza Toka hivyo hivyo. Jina la Malthe likapotea kwenye skrini. Regnar alibaki ameketi kule, miguu imening'inia kidogo, pipi mkononi, akinitazama kwa huruma.

"Una hasira nyingi," akasema. "Nimeliona hilo zamani."

Mkuu wetu wa maktaba ni Annelise Hvid. Alituita ofisini kwake mimi na Asger siku iliyofuata. Ilikuwa Ijumaa, na katikati ya meza palikuwa na boksi la mikate ya mdalasini. Regnar alikuwa ameileta asubuhi kama kawaida, akaiacha mlangoni, na Annelise alikuwa anakula.

"Tusitumie maneno makubwa," akasema. "Amesoma. Hakuchukua kitu, hakusambaza kitu."

"Alimwambia Gunvor maneno ya barua yake mwenyewe, dukani, mbele ya mikate."

"Kwa nia njema, kama alivyosema."

"Annelise, alikuwa anaikwamisha printa."

"Nimezungumza naye. Ameumia sana. Anakubali kuacha uenyekiti kwa sababu za afya. Tutamuaga kwa heshima, maua, kahawa, basi." Sukari ilikuwa imemganda kwenye mdomo wa juu. "Na Asger atarekebisha mashine."

"Mfumo ulifanya kama ulivyoelekezwa," Asger akasema haraka. "Iandikwe hivyo tafadhali. Nimeshabadilisha. Sasa ukibonyeza Toka, kila kitu kinakatwa papo hapo. Atakayepoteza barua, apoteze."

"Na hao waliosomwa?" nikauliza. "Nani anawaambia?"

Annelise alilamba kidole. "Tuwaambie nini? Kwamba walikaa wazi msimu mzima? Hawakuwa wanajua, hawakuumia. Ukiwaambia ndipo wataumia. Kula mmoja, Tove, umepauka."

Nilisimama nikatoka kabla sijatapika kwenye zulia lake. Mkate wa mdalasini sijala tena tangu siku hiyo, na nilikuwa naupenda.

Jikoni kwa Gunvor, kule shuleni, nilikwenda siku hiyo hiyo. Watoto walikuwa wameshakula. Yeye alikuwa ameingiza nusu ya mwili ndani ya sufuria la viazi, anasugua. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, la trei, la Toka ambayo si kutoka, la pipi. Alisikiliza bila kutoa kichwa. Kisha alikwenda kwenye sinki akaanza kunawa, viganja, viwiko, akarudia, akatia sabuni tena.

"Angesoma mwizi, ningevumilia," akasema mwishowe. "Mwizi anachukua anaenda. Huyu alinifariji. Na unajua nilifanya nini, Tove? Nilimshukuru. Nilisimama pale na mkate mkononi nikasema asante Regnar, wewe ni mtu mwema. Nikafika nyumbani ndipo nikajiuliza amejuaje."

"Samahani nilicheka siku ile."

"Na mimi samahani nilikudhania." Alifunga maji. "Wanamuaga lini?"

Walimuaga Jumatano mchana, kwenye ukumbi wa watoto, kati ya mito ya rangi na vitabu vya picha. Watu walijaa. Annelise alisema maneno yake, Regnar akapewa maua meupe, akayakumbatia, akaanza kushukuru. Alisema maktaba ni mahali ambapo hakuna mtu anayepaswa kuwa peke yake. Wapo waliofuta machozi.

Gunvor alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake ya jikoni. Alingoja mpaka makofi yakaisha.

"Nina swali dogo," akasema. "Nani mwingine hapa amefarijiwa na Regnar msimu huu?"

Watu walitabasamu. Annelise akaanza kusogea. Mikono kadhaa ilipanda kwa furaha.

"Nauliza hivi: nani amefarijiwa kwa jambo ambalo hakumwambia? Jambo aliloliandika kwenye mashine zile pale nje, akabonyeza Toka, akaamini ametoka?"

Mikono ilibaki hewani, kisha ikaanza kushuka, mmoja mmoja, na katika kushuka kule niliona nyuso zikibadilika. Mzee Ejnar, mwenye shamba la nguruwe upande wa magharibi, alisema kama anajisemea: "Aliniambia nisiogope kuuza shamba. Kwamba ardhi si kila kitu." Akamgeukia Regnar. "Lakini mimi nilikuwa nimeiandikia benki tu. Sikuwa nimemwambia mtu."

Bodil mkewe alikuwa amekaa ubavuni mwake na sahani mapajani.

"Kuuza shamba gani?" akasema.

Ejnar aliinamia kikombe chake. Malthe alikuwa nyuma kabisa, amekuja kwa ajili ya keki kama vijana wanavyokuja. Nilimwona akiangalia sakafu, shingo nzima nyekundu, kisha akatoka nje bila koti. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatafuna alitema alichotafuna kwenye kitambaa cha karatasi na kukikunja. Mwingine naye akatema chake.

"Rafiki zangu," Regnar akasema, "kila nililofanya..."

"Usituite hivyo," Gunvor akasema. Hakupandisha sauti. "Sema walikuwa bado wamo. Waambie kama ulivyomwambia Tove."

Naye akasema kweli. Akaeleza, na maua mikononi, kwamba mashine yenyewe ilimthibitishia, majina yalikuwa pale kwenye skrini, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameondoka. Alieleza vizuri, kama alivyokuwa akieleza noti kwa wanafunzi, na nadhani mpaka mwisho alitegemea tutaelewa. Watu walianza kuondoka akiwa bado anaongea. Hawakumpigia kelele. Walipita mbali naye jinsi unavyokwepa matapishi barabarani.

Yaliyofuata yalikuwa madogo kuliko nilivyotaka. Gunvor alikwenda polisi, na baada yake wengine wachache. Wengi hawakutaka kusema mbele ya askari kile walichokuwa wameandika. Regnar alipigwa faini. Annelise alitumwa kwenye mafunzo ya usalama wa taarifa na akarudi na cheti, akakitundika. Malthe alitibiwa mapema, yuko mzima, lakini kwetu haji tena. Bodil alihamia kwa dada yake mpaka majira ya joto, na Ejnar hakuuza shamba wala hakulipenda tena. Kuna wanaosema Gunvor angenyamaza, ndoa ile isingepasuka. Wanalisema wakinitazama mimi.

Gunvor hakuandika tena barua. Alianza kupanda treni kwenda kumwona mwanawe. Aliniambia kwamba mara ya kwanza alikaa mbele yake akamwambia kwa mdomo wake: uliposhikwa, niliona nafuu. Nikamwuliza Villads alisema nini.

"Alisema, hata mimi, mama. Kisha akaniomba nimletee soksi."

Nilidhani imeishia hapo. Mwezi wa tisa nikasikia kwa mteja kwamba Regnar Toft anajitolea kwenye ukumbi wa kanisa la parokia ya jirani, ng'ambo ya daraja. Anawafundisha wazee kutumia kompyuta. Nilimpigia simu kasisi, mama mmoja mwenye sauti ya furaha.

"Tunajua alikuwa na shida kidogo huko kwenu," akasema. "Hapa hatuna malalamiko. Ni mvumilivu mno. Anakaa nao mmoja mmoja, anawashika mkono juu ya kipanya. Wazee wanampenda, wanamwachia hata maneno yao ya siri, maana wao husahau."

Niliweka simu chini nikaenda kwenye gari.

Ukumbi ulinuka nta na mitungi ya kahawa. Walikuwa wazee saba au wanane, na Regnar alikuwa ameketi karibu kabisa na bibi mmoja mwenye nywele kama pamba, jina lake nilikuja kujua ni Thyra, bega kwa bega, anamsomea skrini. Niliingia na viatu vya matope mpaka katikati. Nikasema mimi ni nani, nikasema alichofanya kwetu, bila kupamba, kwa sauti ambayo hata wenye vifaa masikioni waliisikia. Regnar hakukana. Alichukua kofia yake, akaniambia, "Bado una hasira, Tove," akatoka, na mlango ukamfungia taratibu.

Wazee walinitazama. Hakuna aliyenishukuru. Thyra alikuwa amekasirika, na aliyemkasirikia ni mimi.

"Nilikuwa katikati ya barua ya mjukuu wangu," akasema. "Yuko Greenland. Sasa nani atanionyesha pa kubonyeza?"

Nilitazama kibodi. Nilitazama kiti alichotoka. Sikutaka kabisa, mwili wangu wote haukutaka.

"Nitakuonyesha mimi," nikasema, "lakini barua unaandika mwenyewe, na mimi nitaangalia dirishani."

Nikavua koti, nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake.